Mkanda wa kwanza usitoke mtupu: mwongozo kamili wa kurudi kwenye kamera ya mkanda baada ya kustaafu

Mtu anastaafu, anafungua kabati, anaikuta kamera yake ya ujana ndani ya mkoba wa ngozi uliokauka. Ananunua mkanda, anaupakia, anakwenda nao kwenye harusi ya mjukuu. Siku anayokwenda kuchukua picha anakabidhiwa mkanda usio na kitu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mikanda ya namna hiyo nimeshaonyeshwa mingi, na mmojawapo ulikuwa wangu.

Ujuzi wa kupiga picha haupotei upesi, mikono inakumbuka. Kamera ndiyo iliyozeeka kimyakimya huko kabatini, na macho nayo si yale ya zamani. Kwa hiyo hapa tutautoa mkanda mzima wa kwanza sadaka. Utaupiga ili kuipima kamera, na harusi itasubiri mkanda wa pili.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Kamera ya 35 mm pamoja na lenzi ya 50 mm, ile iliyokuja nayo.
- Betri mpya ya aina inayotakiwa (tazama hatua ya 2).
- Mkanda mmoja wa negatifu wa ASA 200 (ASA ni wepesi wa mkanda kushika mwanga), picha 36, ambao muda wake haujapita. Wa rangi au wa nyeusi na nyeupe, vyovyote. Slaidi iache kwanza, maana haisamehe kosa.
- Simu inayorekodi video ya mwendo wa polepole, yenye programu ya kupima mwanga.
- Kipulizio cha mpira, vijiti vya pamba, vijiti vya meno na spiriti ya kusafishia.
- Stendi ya miguu mitatu, daftari na penseli.
- Miwani yako yote, hata ile usiyoipenda.

Kama bado hujanunua kamera, chagua ambayo shata yake (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) inafanya kazi bila betri: Pentax K1000, Nikon FM na Olympus OM-1 ni za namna hiyo, betri humo ni ya kupimia mwanga tu. Canon AE-1 ni kamera nzuri, ila betri ikiisha haipigi hata picha moja. Pima na uzito pia. Bila lenzi, K1000 ina gramu 620 na OM-1 gramu 510. Mezani tofauti hiyo ni ndogo, lakini ikifika jioni shingo inaihesabu.

## Hatua ya 1: Usifungue mlango wa nyuma bado

Juu ya kamera, upande wa kushoto, kuna kirungu cha kurudishia mkanda. Inua mkono wake mdogo, uuzungushe taratibu kufuata mshale. Ukizunguka bure mizunguko kadhaa, kamera ni tupu. Ukigoma, kuna mkanda humo, na huenda una sura za watu ambao hawapo tena. Bonyeza kitufe kidogo cha kulegeza mkanda, ambacho kwenye kamera nyingi kiko chini, urudishe mkanda mpaka kirungu kilegee kabisa, ndipo ufungue.

Mkanda huo upeleke ukaoshwe. Ukiwa umeandikwa Kodachrome, mweleze fundi mapema: dawa zake za rangi hazitengenezwi tena, na maabara ya mwisho iliyokuwa ikiuosha, Dwayne's Photo ya Kansas, Marekani, iliacha kuupokea tarehe 30 Desemba 2010. Siku hizi kinachoweza kupatikana humo ni picha za nyeusi na nyeupe.

## Hatua ya 2: Betri, na uongo wa kipimamwanga

Fungua kifuniko cha betri kwa sarafu. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, betri ilivuja. Chovya kijiti cha pamba kwenye siki kidogo, sugua mpaka chuma king'ae, kisha futa kwa spiriti. Betri ya zamani ya zebaki usiitoboe wala kuitupa jalalani. Ifunge kwenye plastiki, uipeleke panapopokelewa taka za betri.

Zebaki ndiyo inayowachanganya wengi. Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970, OM-1 ikiwemo, zilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Ukiweka ya alkalaini yenye umbo lilelile unapata volti 1.5, na zinashuka siku hadi siku. Sindano itacheza vizuri tu huku ikikudanganya. Njia rahisi ni betri namba 675 ya mashine za kusaidia kusikia, yenye volti 1.4, ukiizungushia kipete kidogo isicheze. Inatumia hewa, kwa hiyo ukishabandua karatasi yake haikai muda mrefu. Uwe na ya akiba.

K1000 haina shida hiyo. Weka SR44, ambayo inashikilia volti zake karibu mpaka inakufa, na usisahau kufunika lenzi ukimaliza kazi: kamera hiyo haina swichi, kipimamwanga chake kinalala pale tu kinapowekwa gizani.

Onyo: betri hizi ni ndogo kama kifungo cha shati. Mtoto akimeza moja, akimbizwe hospitali saa hiyohiyo. Hata zilizoisha zifungie mbali na wajukuu.

Utajua umefaulu pale utakapoielekeza kamera na simu kwenye ukuta mmoja wenye rangi moja, na vipimo vikatofautiana kwa stopu moja au chini ya hapo. Stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu.

## Hatua ya 3: Sponji na lenzi

Fungua mlango wa nyuma, uguse vifereji vya pembeni kwa kijiti cha meno. Sponji nyeusi zilizozuia mwanga huoza zikawa kama lami. Kijiti kikirudi kinanata, sponji imekufa, na mwanga utapenya hadi kwenye mkanda.

Zikwangue kwa kijiti chenye spiriti, kamera ukiwa umeiinamisha ili uchafu uangukie mezani na usiguse pazia la shata. Weka sponji mpya ya kujibandika. Kwenye vifereji vyembamba, uzi mweusi wa sufi unatosha kabisa. Mimi kamera yangu moja inaishi kwa uzi huo.

Onyo: kioo cha ndani na kile kibapa cha plastiki kilicho juu yake visiguswe, si kwa kidole wala kwa spiriti. Vumbi lake halionekani kwenye picha, lakini mkwaruzo utauona kila unapotazama.

Kwenye lenzi, washa tochi ya simu upande mmoja, uchungulie upande wa pili. Vumbi puuza. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu: mpe fundi. Mwisho, weka f/16 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu la lenzi ni dogo) na upige mlango ukiwa wazi. Mabati ya tundu la lenzi yajifunge kwa ghafla. Yakijivuta taratibu, yana mafuta, na picha zako zote za juani zitapata mwanga wa kupita kiasi.

## Hatua ya 4: Pima shata kwa simu

Hatua hii watu huiruka, halafu wanalaumu mkanda.

Weka kamera kwenye stendi, mlango wa nyuma wazi, lenzi ikielekea dirisha lenye mwanga mwingi. Nyuma yake weka simu, urekodi kwa fremu 240 kwa sekunde. Piga kwa kasi za 1/8, 1/15, 1/30 na 1/60 ya sekunde, kisha tazama video fremu moja moja na uhesabu ni ngapi zinazoonyesha mwanga. Kwa 1/8 zitakuwa kama 30, kwa 1/30 kama 8, kwa 1/60 kama 4. Ukikuta 16 pale palipotakiwa 8, basi 1/30 yako kwa kweli ni 1/15. Kasi za 1/250 na kuendelea simu haiziwezi; hizo tutaziachia mkanda.

Kasi za polepole ndizo hufa mapema, kwa sababu grisi ya ndani imeganda. Kupiga mara hamsini bila mkanda wakati mwingine huziamsha. Mafuta ya cherehani usijaribu: yanasambaa hadi kwenye shata na kugeuza ugonjwa mdogo kuwa mkubwa. Taima ya kujipiga mwenyewe nayo usiiguse. Ikikwama katikati inaweza kuifunga kamera nzima.

## Hatua ya 5: Macho

Nilipoteza muda mrefu nikidhani lenzi yangu imeharibika. Kumbe nilikuwa ninachungulia kwa miwani ya kusomea.

Kamera ikiwa karibu na jicho, akili inasema miwani ya kusomea ndiyo inayofaa. Sivyo. Kamera nyingi za aina hii zimetengenezwa ili picha ya kidirishani (pale unapochungulia) ionekane kana kwamba iko umbali wa kama mita moja, yaani mbali kidogo kuliko gazeti mkononi. Jaribu miwani yako yote, moja baada ya nyingine, na bila miwani pia. Ikiwa ni ile yenye nguvu tofauti juu na chini, inua au inamisha kichwa mpaka upate mahali panapoona vizuri. Inayokupa mistari mikali kidirishani ndiyo miwani yako ya kamera. Kama hakuna, tafuta kilenzi cha kuongezea cha modeli hiyo, kinachopachikwa nyuma ya kidirisha. Chuma cha kidirisha hukwaruza miwani, kwa hiyo weka pete ya mpira.

Kurekebisha, tafuta mstari uliosimama: fremu ya pembeni ya mlango, mlingoti, ukosi wa shati. Kile kiduara cha katikati kinaukata mstari vipande viwili. Zungusha lenzi mpaka viungane. Nusu ya kiduara ikigeuka nyeusi, lenzi ina tundu dogo mno au jicho halijakaa katikati.

Na macho yakigoma kabisa kuna njia nyingine. Kwa lenzi ya 35 mm, weka f/8 na umbali wa mita 5: kila kilicho kati ya kama mita 2.5 na upeo wa macho kitatoka kikali. Kwa 50 mm, weka f/11 na mita 8, kila kitu kuanzia mita 4 hivi kimo ndani. Hapo hurekebishi chochote, unapiga tu.

## Hatua ya 6: Kupakia, mahali mikanda mingi inapofia

Kaa kivulini. Vuta kirungu cha kurudishia juu, ingiza kopo la mkanda upande wa kushoto, kisha kishushe kirungu mpaka kikae sawa.

Vuta ulimi wa mkanda hadi upande wa kulia, uuchomeke kwenye mwanya wa spuli ya kupokelea. Vuta mkono wa kusogezea mkanda taratibu, mlango ukiwa bado wazi, mpaka uone kwa macho yako kwamba meno yameingia kwenye matundu ya mkanda juu na chini, na ulimi umejikunja kwenye spuli mzunguko mzima. Watu huogopa kupoteza picha moja, wanafunga mlango mapema. Poteza hata mbili.

Funga mlango. Halafu, kabla ya jambo lolote, zungusha kirungu cha kurudishia polepole kufuata mshale mpaka ukihisi kimekaza, ukiache hapohapo. Sasa vuta mkono na upige, mara mbili, macho yako yakiwa kwenye kirungu. Lazima kizunguke chenyewe kinyume na mshale. Kikizunguka, mkanda unatembea. Kisipozunguka, ulimi umechomoka. Fungua, anza upya.

Nasisitiza kwa sababu ya aibu yangu mwenyewe. Mkanda wangu wa kwanza baada ya kustaafu nilipiga 36, namba ikaonyesha 36, nikaendelea mpaka 40 nikifurahi kwamba nimebahatika kupata za nyongeza. Mkanda haukuwa umesogea hata kidole kimoja. Namba ile kwenye kamera nyingi huhesabu mivuto ya mkono. Haijui kama kuna mkanda. Ikipita 38 na mkono bado unavuta laini, anza kuwa na wasiwasi, usianze kufurahi.

Mwisho weka ASA kwenye kidude chake. Kamera nyingine za zamani zina DIN pia: ASA 200 ni DIN 24, ASA 400 ni DIN 27.

## Hatua ya 7: Piga mkanda wa majaribio

Andika kila picha daftarini wakati uleule, maana baada ya siku tatu hutakumbuka. Vipimo hivi ni vya ASA 200.

Picha 1 hadi 3, jua kali, ukuta au jengo lilelile: 1/1000 kwa f/8, 1/500 kwa f/11, 1/250 kwa f/16. Kwa hesabu mwanga ni mmoja, hivyo negatifu tatu zinatakiwa kufanana kama mapacha. Ikitofautiana moja, kasi yake imechoka.

Picha 4 hadi 8, kwenye stendi, kivuli kilicho wazi chini ya anga safi: 1/250 kwa f/4, 1/125 kwa f/5.6, 1/60 kwa f/8, 1/30 kwa f/11, 1/15 kwa f/16. Sababu ni ileile.

Picha 9 hadi 12 zifuate kipimamwanga cha kamera peke yake: juani, kivulini, ndani karibu na dirisha, na jioni. Hizi zitakuambia kama hatua ya 2 ilifaulu.

Picha 13 hadi 16 ni za ukali. Fungua tundu la lenzi lote. Laza gazeti mezani, lipige kwa mshazari ukilenga mstari mmoja uliouwekea alama, kisha kitu kilicho mita 3, kisha kilicho mbali kabisa. Ukali ukiangukia mstari mwingine, kioo au lenzi vimesogea. Ukiangukia popote bila mpango, ni macho. Rudi hatua ya 5.

Picha 17 hadi 20 piga kwa mkono kitu kilekile kwa 1/125, 1/60, 1/30 na 1/15. Zamani tulifundishwa kwamba 1/60 inatosha kwa lenzi ya 50 mm. Ilitosha kwa mikono ya wakati ule. Wengi wetu sasa ni 1/125, na hakuna haja ya kulionea haya: egemea ukuta, viwiko vibane mbavuni, bonyeza wakati unatoa pumzi. Waya wa kubonyezea unaofungwa kwenye kitufe cha kupigia ukiwa na stendi unamaliza ubishi.

Picha 21: iache kamera juani dakika tano, mfuniko wa lenzi ukiwa umewekwa, huku ukiigeuza kila upande. Kisha piga. Hapa ndipo sponji zako zitakapotoa ushahidi.

Kama unatumia flashi, piga mbili tatu kwa kasi iliyowekwa alama ya X. Zilizobaki piga chochote roho inachotaka.

## Hatua ya 8: Kurudisha na kuosha

Mkono ukikaza, acha. Ukiulazimisha utachana matundu au kuchomoa mkanda kwenye kopo. Bonyeza kitufe kile cha hatua ya 1, urudishe taratibu. Utahisi uzito, kisha mnyakuo mdogo, kisha wepesi. Zungusha mara mbili zaidi, ndipo ufungue. Ukifungua kwa bahati mbaya kabla ya kurudisha, funga haraka: mizunguko ya juu imeungua, ya ndani mara nyingi imepona.

Kwa wanaoosha picha, dai negatifu zako. Siku hizi wengine hutuma nakala za simu tu na kutupa mkanda, na bila negatifu majaribio yote haya ni kazi bure. Ukisafiri kwa ndege, omba mikanda ikaguliwe kwa mkono, kwani mashine mpya za kukagua mizigo kwa CT huiharibu.

## Hatua ya 9: Soma negatifu kama daktari

Iinue mbele ya dirisha. Anza na kingo, kabla ya picha. Pale pembeni kiwandani waliandika jina la mkanda na namba.

Kingo zina maandishi, katikati hakuna kitu: mkanda umeoshwa vizuri lakini haukuona mwanga. Ama haukutembea (hatua ya 6), ama shata haikufunguka. Kingo nazo hazina maandishi: kosa ni la dawa, rudi kwa aliyeosha. Mkanda mweusi wote hadi kingoni: ulifunguliwa juani.

Negatifu ni kinyume, kwa hiyo mahali palipopata mwanga mwingi ni peusi. Michirizi myeusi inayovuka kuanzia kwenye matundu ni sponji. Upande mmoja wa fremu ukiwa mwepesi kuliko mwingine kwenye 1/1000 tu, mapazia ya shata hayaendi pamoja. Picha zinazopandana, au nafasi kati yake isiyo sawa, ni mashine ya kuvuta mkanda. Nusu ya picha ya flashi ikiwa tupu, kasi ilikuwa kubwa mno.

Mashine ya kuvuta mkanda ikisumbua, au kasi zote zikiwa na hitilafu, mpelekee fundi pamoja na negatifu na daftari. Utamwokolea nusu ya kazi. Ila kasi moja mbovu si sababu ya kutengeneza. Kamera yangu ina 1/1000 iliyochoka tangu nilipoipima. Nilibandika kipande cha plasta chini yake, nikaandika kwa kalamu ya wino: "mwisho 1/500". Plasta hiyo nimeshaibadilisha mara mbili, shata bado ni ileile.